Hodi Katika Mtaa wa Wahindi

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe hapa Jeddah, katika mtaa wa kale wa wafanyabiashara wa Kihindi, na sikuwa na homa wala usingizi.

Nafanya kazi za ndani mtaa wa Al-Nuzha. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha, na nilitaka kitu kimoja tu: kurudi Mombasa kwa binti yangu niliyemwacha akitambaa. Madam akasema nivumilie mpaka mfungo uishe. Siku hiyo tulikwenda kununua vitambaa. Adhana ya magharibi ilipolia, maduka yakafungwa. Yeye akaingia msikitini, mimi nikabaki na mifuko kwenye baraza ya gofu moja la nyumba.

Wallahi, ungedhani ni Mji wa Kale kwetu. Mawe ya matumbawe, mlango wa nakshi za Kihindi wenye misumari ya shaba, na juu roshani ya msaji iliyozibwa kwa mbao za matundu. Ukutani palikuwa na ufa, na ndani yake nikaona boriti za mikoko, kama zile za nyumba ya nyanya. Machozi yakanilengalenga. Nikagonga mlango, ujinga wangu, nikasema hodi.

"Karibu, mwanangu."

Kiswahili, tena cha vikongwe wa kwetu! Nikatazama juu, nikaona vidole vimeshika matundu ya roshani. Niamini, sikuogopa, nilifurahi. Nikamwuliza alikuja lini. Akasema aliletwa pamoja na boriti, nyumba ilipokuwa ikijengwa.

"Tajiri kasema nitarudi kwetu ghorofa ya juu ikiisha," akasema. "Hebu nitazamie. Imeisha?"

Juu yake palikuwa na mbingu tupu. Ghorofa ilijengwa, watu wakaishi humo, wakafa, nayo ikaanguka. Ningemwambiaje?

"Bado kidogo, bibi."

"Ndivyo asemavyo na yeye," akajibu, na vidole vikaondoka.

Madam aliporudi nikamsimulia, akanicheka. Mlinzi wa mtaa akatuambia ngazi za nyumba ile ziliporomoka zamani, hakuna awezaye kupanda.

Mfungo uliisha, madam akasema mpaka Hajj. Subira huvuta heri, lakini yangu ilivuta Hajj, kisha harusi ya binti yake. Mwanangu sasa anasoma, na kwenye simu ananiita shangazi. Kila madam akisema bado kidogo, nasikia ile sauti ikinijibu.

Wewe unayejiandaa kuja huku, ukiona mlango wa namna ile, pita zako. Usipige hodi. Mimi nimeshakaribishwa.