Mwenye Masikio Alikuwa Mimi

Mimi mtu akinikubalia jambo upesi, najiuliza ana lake gani. Ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo mke wa mwenye duka la ushonaji, Mhindi wa mjini hapa Bagamoyo, aliponiambia "Mlete tu, Mwalimu" kabla sijamaliza kueleza, nilirudi nyumbani roho juu.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nafundisha cherehani vijana wenye ulemavu. Niliyemwombea kazi alikuwa binti wa Mkange. Surua ilimnyang'anya masikio akiwa mdogo, lakini maneno alikwisha kuyajua, na midomo ya watu aliisoma vizuri sana. Mjomba wake alikwisha kutoa kauli: Idi ikipita hana kazi, anarudi kijijini kuozwa mzee asiyemtaka.

Nikawa naenda dukani kila alasiri kununua uzi nisiouhitaji. Namkuta binti hayupo kwenye cherehani. Kavaa futi ya kupimia shingoni, anatoka. Ehe! Nikasema, kumbe wamemchukua kuwa mtumishi wao. Siku moja nikamfuata.

Akaingia nyumba ya watu wenye heshima zao. Wanawake wa nyumba zile hawaendi dukani kupimwa na mwanamume. Mpimaji huwafuata uani. Nikapiga hodi, nikamwamkia mama mwenye nyumba shikamoo, nami mwanamke mwenzao nikapewa mkeka. Binti akipima mabega, wenyewe wanaongea: posa ya binti yao itarudishwa, na bwana harusi hajui kitu. Nikakohoa, nikamwonyesha mpimaji kwa jicho.

"Huyu? Hasikii huyu!" mama akacheka. "Ndiyo maana tunamtaka. Yule wa kwanza alikuwa redio."

Loo! Nikaelewa ule upesi wa mke wa mwenye duka. Tulipotoka nikamsimamisha binti, nikamwambia usoni, "Wanadhani huelewi kitu."

"Najua," akajibu kwa ile sauti yake nzito. "Wakianza, natazama futi, si midomo yao."

Kabla ya Ijumaa habari ya posa ilikuwa imezagaa sokoni, na bwana harusi kaisikia huko huko. Nilipokwenda dukani, mke wa mwenye duka alinizuia mlangoni.

"Mwalimu, siku ile mgeni mwenye masikio alikuwa mmoja tu."

"Mimi? Astaghfirullah! Mimi nipeleke maneno ya watu?"

"Basi nani? Yule kiziwi?"

Jibu lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nyuma yake binti alikuwa ameacha kukanyaga cherehani, amenikodolea macho, tena mdomoni. Hakutazama futi siku hiyo. Nilikasirika. Neno moja tu lingenisafisha, na neno hilo hilo lingemrudisha Mkange.

Nikafunga mdomo, nikaondoka na aibu isiyo yangu.

Idi ikapita, binti akabaki kazini. Mimi nyumba zile sikukaribishwa tena, na dukani nikawa sivuki kizingiti. Uzi naletewa nje. Siku ya kwanza aliuleta yeye mwenyewe. Akanitia kidonge cha uzi mkononi, akakifumbata kwa vidole vyangu.

"Ahsante, Mwalimu."

Mpaka leo najiuliza. Alinishukuru kwa kumtafutia kazi, au kwa kumbebea mzigo wake? Sikumuuliza, maana angenijibu.