Mwaka wa Mashudu Mazito

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba, kuku na mashine ya kukamua alizeti. Nyumba na kuku nilijua la kufanya navyo. Mashine sikuijua, na sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa mdomo, hapa Unyambwa wananifahamu, na mtu wa mdomo akianza kuomba msaada, watu wanakaa vizuri kumsikiliza.

Msimu uliofuata niliufungua peke yangu. Wakulima walileta magunia kama kawaida, wengine kwa mkokoteni wa punda, wengine kwa toyo, zile pikipiki za magurudumu matatu. Wakanipa pole ya msiba, wakakaa kwenye benchi kungoja mafuta yao. Mashine ikanguruma. Mafuta yalidondoka kidogo kidogo, na upande wa pili mashudu yakatoka manene, mazito. Mashudu ni makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa. Yakiwa sawa ni membamba na makavu, unayavunja kwa vidole. Yangu ukiyafinya, mkono unalowa mafuta. Mzee mmoja aliyafinya, akaniangalia, akafunga gunia lake la pili akalipakia tena kwenye mkokoteni. Alikwenda kukamulia kwa jirani yangu wa barabara ya juu. Heri angenitukana.

Nilijua kuna nati kubwa mwisho wa mashine, ukiikaza mbegu zinabanwa zaidi. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nilikaza. Nikiwasha, mashine inakwama, mkanda unanuka kuungua. Nazima, nalegeza, mashudu yananenepa tena. Wiki tatu nzima kazi yangu ilikuwa hiyo. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Yeye mashine ilimtii. Kila mwanzo wa msimu nilimkuta anatoka bandani mikono myeusi, anasema, "Tayari," basi, yameisha. Sikuwahi kumuuliza amefanyaje. Ilikuwa kazi yake, mimi nilikuwa na zangu.

Jirani na kwetu kuna kibanda cha chai, na hapo ndipo wenye mashine wa huku wanakutana kila asubuhi kabla ya kufungua. Wako wanne, na marehemu alikuwa wa tano. Nilimgombeza sana kwa ajili ya kile kijiwe. Nilimwambia watu wazima mnakaa kupiga soga, chai ipo nyumbani. Alikuwa anacheka tu, anachukua koti lake, anakwenda. Siku ya mazishi wale wanne ndio waliochimba kaburi. Baada ya hapo hakuna hata mmoja aliyekanyaga uani kwangu. Nikipita barabarani wananisalimia kwa heshima zote, "Shemeji, za asubuhi," nami najibu, "Nzuri," napita. Moyoni nikasema, hawa wanangoja nishindwe wagawane wateja wangu.

Upweke wa usiku watu wanauzungumzia, lakini usiku angalau unalala. Mimi wangu ulikuwa wa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, upepo unavuma uani, benchi la wateja halina mtu, na mashine za wenzangu zinasikika kila upande zikifanya kazi. Niliwahi kukaa kwenye lile benchi mwenyewe, ili lisionekane tupu.

Akaja mtu wa mjini kuitazama mashine, anataka kuinunua. Akaizunguka, akapiga bodi yake kwa kiganja, akasema Jumamosi atakuja na gari kuichukua. Nikakubali. Binti yangu yupo Dodoma, akanipigia simu: "Uza, mama, upumzike." Nipumzike nifanye nini? Ile mashine ndiyo iliyokuwa inaleta watu uani kwangu. Ikiondoka, nani tena atafungua lile geti? Sikumwambia hivyo. Nilimwambia sawa, mwanangu.

Alhamisi miguu ilinipeleka kibandani. Wote wanne walikuwepo. Nikamsalimia mkubwa wao, "Shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Karibu chai."

Sikukaa. Nikasema, "Mashine imenishinda." Maneno mawili tu, na nilitoka jasho kama niliyebeba gunia.

Wakatazama vikombe vyao. Yule mkubwa akasema, "Tunaisikia. Kila asubuhi tunaisikia inakwama."

"Mnaisikia, halafu mmekaa?" Hasira ilinipanda palepale.

"Shemeji, mwanamume haingii kwa mjane kwa sababu kasikia mashine inakwama. Tulikuwa tunangoja utuite."

Mama wa kibanda akaniwekea kikombe, nikakaa. Mmoja akasimulia alivyounguza mikanda miwili msimu mmoja, wenzake wakamcheka, naye akacheka. Mwingine akasema ana mkanda wa akiba nyumbani, nikautumie wangu ukikatika. Nilishangaa. Sikujua wanaume wanaambiana walivyoharibu.

Mchana ule yule mzee mkubwa wa kijiweni alikuja, akaja na mkewe ili majirani wasipate la kusema. Mama huyo akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, akawa anachambua kunde zake. Mzee hakuigusa nati. Alichukua mashudu ya jana akayapitisha tena kwenye mashine, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka chuma kikapata moto. "Kikiwa baridi kinakudanganya," alisema. Ndipo akakaza, kidogo sana, mashine ikiwa inazunguka, akangoja, akakaza tena. Mashudu yakaanza kutoka membamba. Niliokota kipande, kikavunjika mkononi. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Mama kule mlangoni, bila kuinua macho, akasema, "Kumbe ni hiyohiyo nati ya kila mwaka."

Mzee akakohoa.

"Ya kila mwaka ipi?" niliuliza.

Alijifuta mikono muda mrefu, zaidi ya uchafu uliokuwepo. "Kila msimu tulikuja kumkazia," alisema. "Tulikuja siku ukiwa shamba. Hii nati hakuiweza. Mimi injini ndiyo inayonishinda, nayo alinirekebishia yeye. Ndivyo tunavyoishi, kila mtu ana linalomshinda."

"Kwa nini hakuniambia?"

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa amejiinamia kwenye kunde.

"Alitukataza. Alisema, mke wangu asijue."

Jumamosi yule wa mjini alipokuja na gari nilimwambia siuzi tena. Akalalamika mafuta ya gari, akaondoka. Wateja walirudi mmoja mmoja. Asubuhi siku hizi nakaa kijiweni, nasema kilichoharibika jana, wananicheka, wananielekeza. Mle kibandani neno "sijui" linatoka kwa kila mtu, na la mume wangu lilikuwa likitoka pale kila siku. Nyumbani tuliishi miaka ishirini na saba hakulitamka hata mara moja, na mimi nilijivunia kwa watu kwamba nimeolewa na mtu anayejua.