Ipime Betri Ikiwa Kazini

Bado naikumbuka asubuhi ile ya foni, mwanangu. Nakuhadithia leo kwa sababu nimekuona na multimeta yako mpya. Unaigusisha kwenye kila betri ya sola inayoletwa hapa kwetu komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, ukiona namba nzuri unamwambia mwenyewe "iko bien", iko nzuri, na kumrudishia. Kaa kidogo. Betri ya jirani haitakimbia.

Enzi hizo simu za mkononi hazikuwapo. Mtu wa Lubumbashi mwenye ndugu Kilwa, ile yetu ya ziwani, siyo ya pwani, alikwenda kwenye foni, redio ile ya kusemea mbali. Mnasema kwa zamu: unabonyeza kitufe, unasema, ukimaliza unatamka "à vous", yaani zamu yako, na kukiachia, naye mwenzako anaanza. Chumba kizima kinasikia mambo yako. Ukitaka siri, basi panda lori, vumilia matope mpaka Kilwa, ukanong'one hukohuko.

Foni yetu ilikula betri ya gari. Umeme ulikuja ulipopenda, kwa hiyo baba Kasongo, mwenye foni, aliiacha betri kwenye chaja mpaka mteja wa kwanza aingie. Hapo anaichomoa, ingali na joto, anagusisha nyaya za kipimo chake cha sindano, kisha anakiinua tukione. Ilikuwa desturi kabisa. Bila kuonyeshwa sindano, hakuna aliyekubali kukalia kile kiti.

Mimi nililelewa Kilwa na kambo, mama mzazi wa mama yangu. Niliolewa huku mjini bila kumngoja. Alinitumia maneno makali, nami nikamrudishia makali, halafu kukawa kimya kati yetu. Sitakueleza nani alianza, maana hata leo naweza kukasirika bure. Siku moja dereva wa lori akaniletea habari: Jumamosi asubuhi kambo atakuwa kwenye foni ya parokia, anataka kusema na mimi. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Baba Kasongo alinionyesha sindano. "Angaria mwenyewe, mama. Kumi na tatu! Betri iko muzuri sana." Akaita Kilwa, Kilwa ikaitika. Nikamsalimia kambo, akanisikia vizuri, akauliza wote nyumbani kama wako wazima, nikajibu, akasikia. Kisha akakohoa kidogo. Nilijua amefika kwenye neno lake.

"Mwana yangu, niko muzee sasa. Ninakuuliza mbele ya aba bantu bote: uko na kasirani na miye? À vous."

Nilikishika kile kitufe kwa mikono miwili. "Hapana, kambo! Siko na kasirani hata kidogo! À vous!"

Kwenye spika tukasikia mtu wa Kilwa akisema, "Lubumbashi, hatusikie kitu. Sema tena." Nikasema tena. Nikapiga kelele mpaka wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaanza kunisaidia, "Haiko na kasirani, kambo!" wote pamoja, kana kwamba Kilwa iko ng'ambo ya barabara. Spika ikakwaruza. Halafu nikamsikia kambo mwenyewe, wazi kabisa, akimwambia yule mtu: "Mumuache. Kama hapendi kujibu, mumuache."

Iliniuma, mwanangu. Inaniuma mpaka leo.

Baba Kasongo alikuwa ameshaweka nyaya za kipimo tena. "Lakini volti iko! Ona!" Kweli, sindano ilisimama juu ya kumi na mbili. Nikiwa nimekasirika nikakibonyeza kitufe nijaribu tena, nyaya zingali palepale, na sindano ikaanguka mpaka tisa. Nikaachia, ikapanda. Nikabonyeza, ikaanguka. Baba Kasongo akanitazama, nami nikamtazama.

Ilinichukua miaka na mafundi kadhaa kuelewa nilichokiona. Betri ile ilikuwa imezeeka. Kusikiliza hula umeme kidogo, ndiyo maana tulimpata kambo mpaka kikohozi chake. Kutuma sauti hula mwingi. Chaja iliipa nguvu ya juujuu, ikatosha kwa salamu, ikaishia palepale nilipoulizwa.

Barabara ilipokauka nilikwenda Kilwa. Kambo alinipokea vizuri, akanipikia samaki, hakuligusa jambo lile. Nililigusa mimi. Nikamwambia ni betri. Akacheka kidogo: "Betri? Sauti yako ya salamu ilifika muzuri. Betri ilikufa tu pa neno yangu?" Wakati ule hata mimi sikujua. Siku nilipojua vya kutosha kumweleza, alikuwa ameshazikwa.

Basi hicho chombo chako kisikufanye mwongo. Kigeuze kwenye volti za umeme wa betri, siyo wa ukutani, na uchague kipimo kinachozidi volti za betri yenyewe. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Kabla ya hapo angalia ule mwekundu haukubaki kwenye tundu la ampea, maana utaunguza fyuzi, na ukiunguza vidole vyako pia usishangae. Betri iliyotoka kwenye chaja iache ipumzike saa kadhaa, tena usiionee haya foleni ya watu. Ya volti kumi na mbili iliyojaa, ikishapumzika, itakuonyesha kumi na mbili na nusu na zaidi kidogo. Watu wengi huishia hapo. Wewe usiishie. Iwashie taa au mashine ambayo mwenyewe ataitumia, uache nyaya palepale, utazame namba ikiwa kazini. Ikishuka kidogo na kutulia, mrudishie mtu mali yake. Ikiporomoka, mwambie ukweli hata akinuna, kwa sababu hujui kesho atakuwa anaitegemea kwa jambo gani.

Mungu akupe mikono isiyo na papara, mwanangu. Na siku wapendwa wako watakapokuuliza neno zito, awajalie wasikie jibu lako.