Maboksi ya Rafu ya Juu

Shangazi yangu alikadiriwa kodi ya viatu ambavyo havikuwepo, na alipothibitisha kuwa havikuwepo, mambo yakawa mabaya zaidi.

Duka lake liko Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, na upana wake ni wa mlango mmoja. Rafu zilipanda hadi darini, zimejaa maboksi ya viatu. Zaidi ya nusu yalikuwa matupu. Mtaani pale wenye maduka madogo wengi hufanya hivyo, kwa sababu mteja akiona mapengo anajua umefulia, anavuka barabara. Muuzaji wa jumla naye hatoi mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baada ya kuuza, kwa duka linaloonekana tupu. Kwa hiyo kiatu kikiuzwa kinaondoka na mfuko, boksi linarudi rafuni.

Mwaka huu alikuja afisa mpya wa makadirio. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akaandika. Kodi iliyotoka ilikuwa ya duka lililojaa kweli. Bila kuilipa, leseni haihuishwi. Tayari shangazi alikuwa amelipia zimamoto, taka, na bango ambalo maandishi yake yamefutwa na jua. Machinga aliyetandaza sendo kama za shangazi mbele ya mlango wake alikuwa na kitambulisho cha machinga tu, kinacholipiwa mara moja kwa mwaka. Simlaumu. Ningependa tu shangazi atozwe kwa alichouza, basi. Alichokuwa akikipeleka kwenye madirisha ya ofisi zote hizo kingejaza rafu nzima viatu vya kweli.

Aliweka pingamizi. Afisa akarudi Jumamosi asubuhi, duka likiwa na wateja. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwenye kigoda cha kujaribia viatu. Afisa alimwamkia shangazi shikamoo kwa adabu, akaitikiwa, kisha akamtaka athibitishe aliyoyaandika kwenye pingamizi, kwamba maboksi mengi ni matupu. Shangazi aliomba wateja watoke kwanza. Afisa akasema hana muda, ana maduka mengine.

Shangazi akapanda ngazi na goti lake bovu, akaanza kushusha boksi moja moja na kufungua vifuniko. Tupu. Tupu. Machinga akachungulia.

"Mama, kumbe siku zote ulikuwa unauza hewa?"

Wateja walicheka. Mmoja akarudisha raba aliyokuwa ameishika.

Alipomaliza alikuwa anahema, maboksi yamemfika kiunoni. Afisa hakuwa amecheka hata kidogo.

"Mama, boksi tupu maana yake kiatu kimeuzwa," alisema. "Naomba risiti za mauzo ya hivi vyote."

"Mwanangu, haya ni ya miaka. Mengine niliyanunua hivyohivyo, matupu."

"Basi naomba risiti ya kuyanunua."

Hakuwa nayo. Nani anaandikiwa risiti ya boksi tupu? Afisa aliandika tena, akaaga vizuri, akasema wakubwa wake wataamua kama kodi ipungue, ibaki, au iongezwe kwa mauzo yasiyo na risiti.

Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimemfikia muuzaji wa jumla. Alituma wapagazi na mkokoteni, wakabeba mzigo wote aliokuwa amempa shangazi mali kauli. Machinga akauliza kama zile sendo chache zilizobaki, za shangazi mwenyewe, zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Shangazi amepanga upya maboksi yaliyobaki, yakitazama mlango. Kila asubuhi anafungua, anakaa. Uamuzi wa pingamizi haujatoka.