Madebe Saba ya Mama

Hadi leo nikifikicha jani la mnyanya na kunusa vidole, hasira hunipanda. Wenzangu harufu ile huwakumbusha mchuzi. Mimi hunikumbusha foleni ya bomba.

Tulihamia Nachingwea kutoka Ruangwa nikiwa na miaka minane hivi, wakati wa ile kazi kubwa ya Waingereza ya kulima karanga. Baba alikuwa akitia grisi matrekta. Tukapewa chumba kwenye kota za wafanyakazi, na uwanja wake ulikuwa umeshindiliwa na makatapila hata ukipiga jembe, linadunda. Mama, aliyeacha shamba la mtama na mihogo kwao, alikaa kizingitini siku nyingi akiitazama mikono yake. Kisha akamwomba Baba madebe matupu.

Baba akayatoboa chini kwa msumari. Mimi na Mama tukabeba udongo kichwani kutoka porini, kule ambako miti ilikuwa haijang'olewa. Mbegu alikuja nazo, amezifunga kwenye pindo la kanga. Madebe manne ya nyanya, mawili ya bamia, moja la mchicha.

Kumwagilia ikawa kazi yangu. Bomba lilikuwa moja tu, na wanawake wazima walinipita kwenye foleni wakisema, "Mtoto una haraka gani?" Haraka nilikuwa nayo: mwalimu wa chuo cha Kurani hakumsamehe aliyechelewa, na bakora yake haikuuliza habari za bomba. Nikibahatika kupata ndoo, nusu yake ilinimwagikia mgongoni njiani. Na yote hayo kwa faida gani? Maua ya nyanya yalidondoka. Mchicha ukaliwa na kuku wa jirani. Mama akapanda tena, nami nikarudi kwenye foleni.

Asubuhi moja maji yalikatika kabla ya zamu yangu. Uani palikuwa na karai la maji aliyofulia Mama ovaroli za Baba, meusi kwa grisi, yana povu la sabuni. Nikatazama huku na huku, nikayamimina kwenye madebe, nikakimbilia chuoni.

Jioni Mama alipapasa udongo. "Umemwagilia, mwanangu? Mungu akukuze."

Nikaitikia amina.

Tangu hapo kila alipofua, nami nilimwagilia. Baada ya wiki mbili majani yakajikunja, yakawa manjano. Mama akanyunyiza majivu, akageuza jani moja moja kutafuta wadudu. Baba alimhurumia. "Mama Zuhura, nyanya zinauzwa sokoni. Unajitesea nini?"

"Baba Zuhura, udongo huu umeshachinjwa," Mama akasema. "Hauoti kitu. Mimi narudi shambani."

Baba akayatazama madebe yote saba yaliyokufa mbele yake, akatukubalia. Tukapanda lori, mimi na Mama, tukarudi Ruangwa. Baba akabaki peke yake, akija mara moja moja, mpaka kazi ya karanga ilipokufa naye akarejea amekonda. Nilikua nikijua kwamba mimi ndiye niliyewatenganisha wazazi wangu kwa karai la maji machafu. Kila Baba alipoaga, nilijificha jikoni.

Nilipokuwa tayari mama wa watoto watatu, tukibangua korosho mimi na Mama, nilimwambia habari za karai.

Mama hakuinua hata kichwa. "Nilijua. Povu lilikuwa limekaukia kwenye ukingo wa debe tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukunikanya?"

"Ungeacha."

Ndipo nilipoelewa. Mke wa wakati ule hakuweza kumwambia mumewe, "Sipapendi hapa uliponileta." Ilibidi apate sababu inayoonekana kwa macho, nami nikampatia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakakataa kukoma. Miaka yote ile niliibeba dhambi ambayo Mama mwenyewe aliipokea kwa dua, na hakuwahi hata siku moja kunitua.