Siku Baba Alipokataa Kupanda Basi

Baba alihamia kwangu mjini Kitui wiki mbili baada ya mazishi ya mama, na tangu siku hiyo hakuna kiti nyumbani mwangu kilichomweka kwa dakika kumi mfululizo. Alikaa, akainuka. Alifungua mlango wa nyuma, akaangalia ua, akaufunga. Nikimpa chai alitembea nayo, na jioni nikawa naokota vikombe juu ya tangi la maji, kwenye dirisha la bafu, hata juu ya ukuta wa jirani. Siku moja jirani huyo alinipigia simu nikiwa darasani. Alikuwa amemwona baba kwenye barabara ya Mwingi, mbali kabisa na mji, akienda kasi kama mtu aliyechelewa kazini. Nilimfuata kwa pikipiki.

"Baba, unaenda wapi?"

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Si nimekwambia natembea?"

Maisha yake yote alikuwa fundi wa mawe upande wa Mwingi. Alijenga maduka, makanisa, matangi ya shule. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kaburi la mama. Alilijenga peke yake kwa siku tatu, akikataa hata kusogezewa jiwe, na alipomaliza akaviosha vifaa vyake vyote na kuwagawia mafundi wawili aliowahi kuwafundisha. Watoto wake tulidhani anapumzika. Kumbe alikuwa ameikata kamba iliyomfunga mahali.

Mimi nami sikuwa bora. Nilijiandikisha kwaya, nikajiandikisha kamati ya ujenzi wa kanisa, nikachukua masomo ya ziada ya Jumamosi ya darasa la nane mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama sina kwetu. Walimu wenzangu walisema nina nguvu. Haikuwa nguvu. Nilikuwa naogopa saa moja ya jioni nyumba ikiwa kimya. Kwa hiyo akina mama wa kanisa walipotangaza safari ya siku moja, wakisema tutaongozwa na mtu anayejua njia, tuone magofu ya misheni ya kale kule Ikutha na halafu maporomoko ya maji kwenye msitu wa mlimani juu ya Kasikeu, niliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Niliandikisha majina mawili.

Tuliondoka Kitui saa kumi na moja alfajiri. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye buti za kupandia milima, filimbi shingoni na ratiba aliyoifunika kwa karatasi ya nailoni. Aliisoma kwa sauti kabla dereva hajawasha gari: magofu saa moja, chai njiani, maporomoko, kurudi. Akatuhesabu kwa kidole.

"Ishirini na sita. Nimesaini ishirini na sita na nitarudisha ishirini na sita. Mkisikia filimbi, ni gari."

Baba alihama kiti mara tatu kabla ya kufika Mutomo. Kwanza jua lilimpiga. Kisha dirisha lilikuwa linagonga. Mwisho akaenda kukaa mbele, akawa anamuuliza dereva kwa nini anapunguza mwendo kwenye kila kona. Niliangalia saa yangu, nikaangalia simu, nikaangalia saa tena, nikajiambia kwamba mzee huyu ananichosha.

Magofu hayakuwa mbali na soko. Yalikuwa kuta nne za mawe zisizo na paa, nyingine zikifika kifuani, nyingine gotini, na miiba imeota pale palipokuwa sebule. Kiongozi alitueleza kuhusu wamisionari wa kwanza, jinsi walivyofika kwa miguu kutoka pwani na jinsi homa ilivyowamaliza. Alisimulia vizuri. Nilipiga picha sita, nikaona nimeyamaliza magofu, nikaanza kutafuta kivuli.

Baba alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya ukuta.

Nilikimbia nikidhani ameanguka. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amekwangua kitu kati ya mawe mawili, akakisugua kwa vidole na kukinusa.

"Hakuna saruji hapa," akasema. "Hii ni chokaa kidogo na udongo wa kichuguu. Angalia ulivyoshika."

Kiongozi akasogea. "Mzee, umejuaje ni kichuguu?"

"Mchwa ndiye fundi wa kwanza. Udongo wake hauna mchanga. Marehemu mwalimu wangu alikuwa anautumia saruji ikiadimika." Akasimama, akaelekea kona ya pili, nasi tukamfuata. "Sasa njoo uone. Aliyejenga kule hakujenga huku. Yule alichagua mawe yake. Huyu alichukua jiwe lolote lililokuwa karibu na mkono, angalia, viungo vya mawe vimesimama juu ya viungo badala ya kupishana. Ndiyo maana hapa pameshuka." Akanigeukia. "Huyu alikuwa na haraka kama wewe."

Akina mama wakacheka. Mimi sikucheka.

"Na ni nani waliobeba mawe haya?" baba akamuuliza kiongozi.

"Wenyeji, mzee. Lakini majina yao hayakuandikwa mahali ninapojua."

Baba akatikisa kichwa, akaendelea na ukuta, akipapasa mstari baada ya mstari. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akisimama mahali pamoja muda wote huo. Ningepaswa kuliona hilo pale pale. Lakini filimbi ililia, akina mama wakaanza kupanda gari, na mimi nikasikia tu kwamba tunachelewesha watu.

"Dakika kumi," baba akasema bila kugeuka. "Kuna mlango hapa uliozibwa. Nataka kuona waliuzibaje."

"Baba, watu wanangoja."

"Dakika kumi tu, mwiitu." Hivyo ndivyo anavyoniita, binti, kwa Kikamba, akiwa na furaha.

Nilimshika kiwiko na kumvuta. Sio kwa nguvu, lakini nilimvuta. Aliniangalia, kisha akanifuata kama mtoto aliyekatazwa kitu dukani. Tulipita Kibwezi na kuingia barabara kuu ya Mombasa. Hapo alisema tu kwamba malori yamezidi. Nilijua nimekosea, lakini gari likienda nilipata nafuu, na nafuu hiyo ilinifanya nisiulize kitu.

Kasikeu tulikunywa chai na chapati, tukapanda mlima. Gari liliachwa barabara ilipokwisha, tukateremka kwa miguu ndani ya msitu karibu nusu saa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima iliyopita. Maji yalishuka mwambani yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa, kwa kelele iliyolazimu watu kuzungumza kwa mikono. Akina mama walivua viatu wakaingia mpaka magotini wakipiga vigelegele. Nilimkalisha baba juu ya jiwe pana, nikamwambia nitarudi sasa hivi, nikaenda kupiga picha. Nilisimama mbele ya maji yale mazuri nikiwaza vitabu vya kusahihisha. Nilisimama hivyo labda nusu saa.

Nilipogeuka, jiwe lilikuwa tupu.

Nilimuuliza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyemwona. Kiongozi alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na maporomoko yakaimeza sauti yote. Akachukua fimbo ndefu, akaenda ukingoni mwa bwawa lililo chini ya maporomoko, akaanza kuichovya polepole, huku akijaribu kunikinga kwa mgongo nisione anachofanya. Nilikiona. Miezi mitano nilikuwa nimemfuata mtu huyu kila mahali anapokwenda, na sasa nilikuwa nimempa mgongo kando ya maji.

"Panda juu uangalie njia," kiongozi akanipigia kelele sikioni. "Huku niachie mimi. Kimbia!"

Nilipanda ile njia kwa mikono na miguu. Niliteleza, nikachubuka goti, nikaita "Baba!" mpaka sauti ikakauka. Karibu na ukingo wa msitu, kelele za maji zilipopungua nyuma ya kilima, nilisikia kitu kingine. Ngo. Ngo, ngo. Ilikuwa nyundo kwenye jiwe.

Nilifuata mlio huo nikatokea kwenye shamba lenye migomba michache na nyumba ya mabati. Nyuma ya jikoni mlima ulikuwa umeporomoka kwa mvua, na tope lilikuwa limefika mlangoni. Mwanamke wa rika la mama yangu, aliyefunga kitambaa kichwani na kukunja leso kiunoni, alikuwa anasukuma mawe kwa toroli. Na baba alikuwa ndani ya mtaro wa msingi wa ukuta wa kuzuia mlima, shati limelowa, suruali imekunjwa, nyundo mkononi, akiliambia jiwe fulani kwamba halina adabu.

"Baba!"

"Shika mwisho wa kamba hii," akasema.

Nililia. Nilimgombeza na kulia kwa pamoja, nikamwambia kwamba watu wanamtafuta ndani ya maji kwa fimbo, kwamba moyo wangu umesimama, kwamba angeniambia neno moja tu. Yule mama aliacha toroli akanisogelea.

"Nisamehe mimi, mwanangu," akasema. "Alipita hapo njiani akanikuta navunja mawe. Akaniambia nayavunja vibaya. Nikamwambia fundi wangu amekwenda Nairobi na mvua hainingoji. Sikujua ana watu wanaomtafuta."

"Nilisikia nyundo," baba akasema. "Nikaona nije."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini amepokea simu.

Kiongozi alitukuta hapo akiwa amelowa mpaka kiunoni. Alipomwona baba alikaa chini kwenye tope, akashika kichwa, akacheka. Kisha akaangalia saa.

"Haya, mzee wangu. Gari."

"Nendeni," baba akasema.

"Mzee?"

"Ukuta huu ukiachwa hapa ulipofika, mvua ikinyesha kesho utaangukia jikoni. Kabla sijaugusa ulikuwa afadhali. Siwezi kuuacha hivi."

"Mzee, nimesaini ishirini na sita."

Baba aliweka nyundo chini. Alinigeukia mimi. Hakunisihi, wala hakusema "dakika kumi". Alinitazama tu, akiwa amesimama wima ndani ya ule mtaro, na nikakumbuka mkono wangu kwenye kiwiko chake asubuhi ile.

Kila kitu ndani yangu kilitaka basi. Nilikuwa na kwaya Jumapili na vitabu arobaini vya kusahihisha. Mimi siwezi kukaa mahali bila mpango.

"Tunabaki," nikasema.

Kiongozi aliniandikisha karatasi, nikaeleza kwa mkono wangu kwamba sisi wawili tumebaki kwa hiari yetu, watu wazima wenye akili timamu. Kwenye hilo la akili timamu alisita kidogo. Halafu akamuuliza yule mama jina la kijiji, akachukua namba yake ya simu, akaondoka mbio.

Nilibeba mawe mpaka giza likaingia. Mwanzoni niliuliza kila baada ya dakika tano tumebakisha kiasi gani. Baba alijibu mara mbili, ya tatu akaacha. Yule mama alitupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, akanipa chumba cha binti yake aliyeolewa, na baba akapewa cha mwanawe. Aliniuliza kama mama yangu yuko, nikasema hayuko, akasema mume wake pia hayuko. Asubuhi nilipoamka baba alikuwa mtaroni tayari. Nilipewa kipande changu cha upande wa migomba, nikapanga mawe mwenyewe kwa kasi, nikajiona fundi. Saa saba tukaagana, tukateremka Kasikeu kutafuta gari.

Njiani kurudi aliongea. Alinieleza jinsi mama alivyokuwa anamletea uji kazini walipokuwa wapya katika ndoa, na jinsi alivyokuwa hodari wa kuona ukuta uliopinda kuliko yeye mwenyewe. Alisimulia mpaka Machakos, kisha akalala.

Siwezi kusema alipona. Wiki iliyofuata alikwenda tena barabara ya Mwingi kwa miguu. Tofauti ni kwamba sikumfuata, na alirudi mwenyewe saa ya chakula akiwa na habari za tangi la shule fulani lililopasuka. Baadaye alikwenda kuliziba.

Mvua kubwa iliponyesha, yule mama wa Kasikeu alipiga simu. Baba alisikiliza, akanipa mimi simu huku akijizuia kucheka.

"Ukuta umesimama vizuri sana," yule mama akaniambia. "Ni kile kipande cha migomba tu kimeanguka."

Kilikuwa changu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mazoezi ya kwaya kwa ajili ya mkutano mkubwa. Niliwaambia wanakwaya sitafika, nikajiona kama mtu anayetoroka shule. Tulifika mlimani na baba kabla ya saa nne. Tukatoa mawe yangu yote, moja moja, tukayaweka nyasini. Baba alinikabidhi la kwanza.

"Usilipange bado," akasema. "Ligeuze kwanza uone linataka kulalia upande gani."

Nililigeuza. Kisha nikaligeuza tena. Mita mbili za ukuta zilituchukua siku nzima.