Ndege Yenye Bawa Juu

Redio zote za kibandani zilikuwa kimya, Albina akajua mumewe, fundi redio, ameshindwa kuchagua. Mdogo wake fundi alileta ndege mbili za rimoti kutoka Dar. Moja lazima irudi na basi la kesho. Fundi alizigonga kwa ukucha, akazinusa kama anavyonusa redio iliyoungua. Moja nyekundu, ya kivita, inang'aa. Nyingine nyeupe, ya sponji, nene kama bata, bawa lake limekaa juu ya mgongo.

"Baba Doreen, chukua nzuri!" Albina akamhimiza mumewe.

"Nzuri haina huruma na asiye na mwalimu. Bata huyu atanivumilia."

Ikapaa juu ya uwanja wa Nachingwea, Albina akapiga vigelegele. Ilipogeuka kuwarudia, fundi akakata kushoto, akisahau kwamba ikikutazama kushoto kwake ni kulia kwako, nayo ikaenda kulia, ikanasa mtini. Sasa hivi fundi yuko juu ya mkorosho akiinasua, anacheka peke yake, na ndege haijavunjika hata bawa.